Kosa Langu Kwenye Diski Yake

Habari ya kifo cha yule kijana wa Beni aliyekuwa akigeuza mazungumzo ya wataalamu wa kompyuta kuwa diski za bei nafuu ilinikuta Rughenda, mtaa wa Butembo, kwa fundi viatu, nikibishana juu ya soli. Nilisahau ubishi. Alikuwa Muislamu, kwa hiyo walimzika jioni ile ile, na mimi nilifika Mulekera, mtaa wa kwao Beni, kesho yake kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na mfukoni hotuba ndefu ambayo hakuna aliyeiomba. Nilimkuta mama yake ameketi na simu ya marehemu mapajani. Ilikuwa imefungwa kwa code, ile namba ya siri. Wanafunzi wake, vijana waliojifunza kompyuta kwa diski zake, watu wanaojisifu kwamba hakuna kinachowashinda, walikuwa wamejaribu wote na simu ikawakatalia. Sauti zake zote alizorekodi zilikuwa mle ndani. "Minataka tu kusikia sauti yake," mama aliniambia. "Hata kama iko anagomba." Mmoja wa wanafunzi akakumbuka zile diski. Mimi nikatazama sakafu, maana sauti inayosema kwenye diski zile ni yangu.

Nieleze ilivyokuwa. Kwetu kutazama video ya saa nzima kwenye simu ni anasa ya matajiri, kwani megabaiti zinakwisha kabla mtaalamu hajamaliza kusalimia. Marehemu alikuwa akipanda Butembo, kwenye bureau, ofisi ya rafiki yenye mtandao mzuri, anapakua mazungumzo ya watunga programu, kisha anayageuza yasomeke na deki yoyote ya sebuleni. Aliuza diski kwa bei ya chai na mandazi. Baba yake ni msafirishaji, kwa hiyo diski zilifika mpaka Mutwanga zikiwa katikati ya makartoni ya sabuni. Shida ilikuwa lugha. Wataalamu wale walizungumza Kifaransa cha mbio, naye alitaka mtu wa kueleza juu ya sauti zao kwa Kiswahili chetu, kama wanavyofanya kwenye vibanda vya video. Mwenyewe hakutaka kusikika. Alisema kazi yake ni nyuma ya machine. Akanichagua mimi kwa sababu niliwahi kutangaza mpira redioni. Hakuniuliza kama najua kompyuta. Nami sikumwambia, nikidhani inaonekana usoni.

Nilitangaza programu kama mechi. Programu ikikubali kufanya kazi, nilipiga kelele za goli. Siku moja tukafika kwenye boucle, yaani ile amri inayoifanya kompyuta irudie kazi ile ile, na mimi, kwa sauti ya dakika ya mwisho, nikawatangazia wasikilizaji kwamba machine inarudia, inarudia, mpaka ichoke, ndipo inasimama yenyewe. Akaruka kutoka nyuma, tukiwa bado tunarekodi: "Hapana, Muzee! Machine hapana choka. Njo weye unapashwa kuiambia fasi ya kusimama." Yaani mtu ndiye anayepaswa kuiambia mahali pa kusimama. Halafu akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyejizuia tangu asubuhi. Kujikwaa si kuanguka, wanasema wahenga, lakini mimi nilikuwa chini kabisa. Nilimwamuru akate kipande kile. Nina jina langu mjini, nikamwambia, na batu banajua sauti yangu. Akanijibu kwa upole: "Muzee, bengi bataanguka fasi ile ile uliangukia. Tuache basikie." Nilinuna mwezi mzima. Diski ikatoka kama ilivyo, na nilipopita sokoni vijana waliniita Papa Boucle.

Sisi watu wa kalamu na kipaza sauti tuna desturi mbaya ya kukata. Tunakata kikohozi, tunakata kigugumizi, tunakata pale tuliposahihishwa, mpaka msomaji anaamini tulizaliwa tukijua. Kumbe wanafunzi wale, ambao wengine waliandika programu zao kwenye karatasi wakingoja zamu ya kompyuta moja, waliniambia kipande walichokielewa kuliko vyote ni kile. Waliponisikia mzee mzima nimekosea mbele ya watu, nao wakaacha kuogopa kuuliza. Nilipoambiwa hivyo nilijifanya nilikusudia.

Basi diski ikaletwa, ikatiwa kwenye deki. Nikasikia sauti yangu ikijaa chumba cha matanga, na sijawahi kuichukia hivyo: inarudia, inarudia, mpaka ichoke! Waombolezaji wakanigeukia. Kisha yeye: "Hapana, Muzee!" Na kile kicheko. Mama akafunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, na sikujua kama analia au anacheka pamoja naye. Mimi nililia. Alipotulia akaniambia, "Papa, rudilisha." Deki ile ya zamani haikujua kuruka, ilirudi mpaka mwanzo wa kipande, kwa hiyo kila mara ilibidi nianze mimi na ujinga wangu ndipo mwanawe aje. Rudilisha. Rudilisha tena. Hotuba yangu ilibaki mfukoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia mama fasi ya kusimama.

Ndugu msomaji, anayekusahihisha mbele ya watu usimkate. Mimi kama ningesikilizwa siku ile, leo heshima yangu ingekuwa salama, na mama yule asingekuwa na kitu.