Sarafu Iliyolala na Sarafu Iliyotumwa Kazi

Sagyndyk, fundi lifti wa mji wa Karaganda, Kazakhstani, hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa pupa. Mwaka 2016 tajiri mmoja wa mashine za kuchimba bitkoini, sarafu za mtandaoni, alimlipa sarafu mbili badala ya tenge, pesa ya nchi, na mafundi wenzake wakamcheka mpaka wakapaliwa. Yeye aliandika maneno ya siri ya kuzifungulia sarafu hizo kwenye karatasi, akaifungia ndani ya kopo la misumari. Bei ikapanda, hakuuza. Ikaporomoka, hakuuza. Mkewe alipomuuliza anangoja nini, alijibu, "Nangoja."

Sayat, mwana wa dada yake Bibigul, hakujua kungoja. Alikuwa akiuza roboti, yaani programu inayonunua na kuuza sarafu yenyewe usiku na mchana, naye akimega ada yake katika kila mzunguko. Sikukuu ya Nauryz, mwaka mpya wao, alisimama mbele ya ukoo mzima.

"Mjomba, pesa yako imelala kama mgonjwa. Nipe moja niiamshe! Naomba kwa haki ya mpwa."

Wakapiga makofi. Kwa mila yao, mpwa akiomba hivyo hadharani, mjomba hana la kukataa. Sayat alilijua hilo, ndiyo maana hakuomba faraghani. Huo ndio uovu wenyewe: kuigeuza heshima ya ukoo kuwa ufunguo wa mfuko wa mtu.

Sagyndyk akampa moja. Kwa miezi kumi na minne roboti ilinunua na kuuza mara elfu mbili na ushei. Ilinunua bei ikiwa juu, ikauza ikishuka, na kila mara ada ikaondoka na kipande. Ikabaki robo. Ile iliyolala ilikuwa ingali nzima, na bei yake ilikuwa imezidi maradufu.

"Mjomba nawe!" Sayat alicheka alipoulizwa. "Lifti hupanda, lifti hushuka. Wewe fundi hujui?"

Kumbe Sayat alikuwa akilitembeza jina la mjomba wake pia kwa wateja. "Hata mjomba wangu, bahili kuliko wote, ameniamini." Kwa maneno hayo mjane wa ghorofa ya tatu katika jengo la Sagyndyk alimpa akiba yake yote, ikayeyuka.

Sagyndyk hakupiga kelele. Aliyeweza kushikilia sarafu miaka minane aliweza kushikilia na kisasi. Alichapisha orodha ya manunuzi, mauzo na ada za roboti, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa koti.

Siku ikafika. Sayat alikuwa akiposa. Bibigul alikwisha kumvisha binti hereni za uchumba, na nyama ya farasi ilikuwa mezani nyumbani kwao binti. Baba wa binti, Kabdesh, mfugaji, akamgeukia Sagyndyk.

"Mkwe, kijana ananiambia niuze farasi arobaini niipe roboti yake. Anasema wewe ndiye uliyeanza. Unasemaje?"

Sayat akainama sikioni kwa mjomba wake. "Mjomba, nakuomba kwa haki ya mpwa. Leo usiseme."

"Haki hiyo umeshaila," Sagyndyk akajibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Akaikunjua orodha mezani. "Nilimpa sarafu moja, imebaki robo. Ya pili niliyoiacha ilale iko nzima nyumbani. Nusu ya hasara ni ada zake huyu. Soma mwenyewe, mkwe."

Kabdesh alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Kijana, mjomba wako anasema uongo?"

"Soko lilikuwa baya, baba."

"Soko silo linaloomba binti yangu. Nimeuliza, anasema uongo?"

Sayat alitazama simu yake kana kwamba jibu lingetokea humo. Kabdesh akamwita binti yake avue hereni. Akazivua, akaziweka kando ya chumvi, na wageni wakaanza kutafuta kofia zao.

Bibigul alikuwa akilia. "Kaka, ulishindwa kuja kwangu faraghani?"

"Yeye alikuja kwangu faraghani?"

"Ni mwanangu!"

"Mjane wa ghorofa ya tatu naye ana wanawe."

"Basi nikifa usije kunizika."

Maneno hayo yalimchoma, maana hakuwa na dada mwingine. Lakini hakuomba msamaha, wala hakuinuka. Watu walipokwisha kutoka alivuta sahani yake. Nyama ilikuwa imepoa na mafuta yameganda. Akaila yote.