Siku Niliyopandisha Bei ya Maharagi

Haya ninayoandika, muke wangu alinikataza kuyasema, si kwa sababu ni siri (mutaa wetu wa Kadutu wote unajua), lakini kwa sababu anapenda kuyasema mwenyewe, na anadai kwamba mimi ninaruka mahali penye aibu. Leo siruki kitu.

Mujukuu wangu Neema anasoma uchumi ku université, kule Ibanda. Alikuwa ameisha kuanguka mutihani wa statistiki mara moja, na kama angeanguka tena angerudia mwaka muzima, na baba yake alikuwa amesema wazi kwamba mwaka wa kurudia yeye haulipi. Profesa wao akataka kila mwanafunzi achague kitu kimoja cha soko, achukue bei yake kila siku ya posho, yaani Jumamosi, mwezi muzima, kisha siku ya mutihani asimame mbele ya wenzake, achore mustari ku tablo na aeleze kwa nini bei inapanda ao inashuka. Hiyo ndiyo wanaita statistiki. Neema akachagua maharagi. Lakini posho asubuhi alikuwa na masomo, njo maana mimi nikasema, "Mutoto, hiyo kazi uniachie."

Mujue kwamba mimi ni seremala. Darasa la tatu nilifika, sikumaliza, mwalimu alikuwa anapiga sana na mimi nilikuwa na miguu myepesi. Bei ya mbao ninaijua hata nikilala. Maharagi ninayajua yakiwa ku sahani.

Posho ya kwanza nilitoka moja kwa moja ku kazi, na boti za mpira na vumbi la mbao ku nywele, nikauliza maman mumoja muuzaji bei ya kopo ya maharagi, akanitajia bila hata kuniangalia, nikaandika. Njiani nikawaza: mutu anayetumikia université, atembee hivi? (Hapo ndipo niliharibu, mushike hapo.) Posho ya pili nikavaa shati nyeupe. Yule maman akasema, "Karibu, Papa," na bei ilikuwa imepanda kidogo. Ya tatu nikatoa koti niliyovaa ku harusi ya mutoto wangu wa kwanza, ambayo sasa tumbo inakataa ifungwe, maman akaniita Papa Chef, akanipangusia kiti, bei ikapanda tena. Ya ine nikaongeza karavati ku shingo na sakoshi ya ngozi niliyoazima kwa katekista, na siku ile niliitwa Excellence. Bei, tuiache. Nikarudi nyumbani ninahuzunikia inchi yetu.

"Mbona mimi jana nilinunua chini ya hapo?" muke wangu akauliza.

"Mama, hii ni statistiki," nikamujibu.

Siku ya mutihani, jamaa waliruhusiwa kukaa nyuma. Nikaenda na muke wangu, na koti, na karavati. Neema akachora mustari, ikapanda kama njia ya mulima inayotoka ku ziwa, akaeleza vizuri sana: mvua, barabara mbaya ya Walungu kunakotoka maharagi, dola. Nikamugusa muke wangu na kiwiko. Profesa akamwacha amalize.

"Mademoiselle, wenzako watatu walichagua maharagi, soko ile ile, siku zile zile. Yao inashuka, kwa sababu mavuno imefika. Yako inapanda. Nani aliuliza hizi bei?"

Neema akawa anaangalia chaki. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Nikasimama. "Ni miye, Profesa. Koko yake, ndiyo babu."

Akaniangalia toka viatu mpaka karavati, pole pole. "Papa, unaendaka ku soko umevaa hivi?"

"Hapana," nikasema, tena kwa majivuno, "hii ilikuwa ya mara ya mwisho tu."

Na muke wangu, ambaye hakuna mutu alimuuliza, akasimama naye: "Ya kwanza alienda na boti. Ya pili, shati nyeupe. Ya tatu, koti. Ya ine, hivyo munavyomuona."

Profesa akachukua chaki, akaandika chini ya kila pointi: boti, shati, koti, karavati. Mustari yote ilikuwa mimi ninavaa. Wanafunzi wakalala juu ya meza kwa kucheka, mpaka mulinzi akaja kuchungulia ku mulango.

Neema peke yake hakucheka. Akafuta mvua, akafuta barabara, akafuta dola. "Profesa," akasema, "nilieleza sababu ya kitu ambacho hakikutokea. Niliamini tarakimu kabla ya kuuliza zimetoka wapi. Hii mustari inaonyesha namna muuzaji anapima mutu anayeuliza. Bei ya kweli ni ile mutu amelipa, na koko yangu hakununua hata kopo moja."

Profesa akaandika, kisha akasema, "Kwa maharagi, sifuri. Kwa koti, umepita."

Alipita na alama za kutosha tu, yeye ambaye alistahili nyingi. Njiani alitembea mbele yetu bila kugeuka, nikamukimbilia na pumzi yangu ya uzee, nikaomba musamaha.

"Koko," akasema, "kwa nini hukubishana bei hata siku moja?"

Sasa hapa ndipo muke wangu anasema ninarukaka. Ninawaogopa wale wamaman. Tangu ujana. Njo sababu tangu tuoane yeye ndiye anaenda ku soko.

Niliapa pale pale barabarani kwamba sitauliza tena bei ya kitu nisichotaka kununua. Posho iliyofuata nilienda ku soko nyuma ya muke wangu, nikabeba mufuko, na alipoanza kubishana, nikaangalia pembeni.