Mteja Aliyekuwa Waya Kule Gatina

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba mimi sinywi pombe, siku hiyo nilikuwa nimeshiba ugali na sukuma wiki, na mambo haya yalinitokea saa tisa mchana, jua likiwaka. Sikuhadithiwa na binamu wa jirani. Niliyaona mwenyewe, kwa macho haya haya, na kama huniamini basi kaa tu usikilize, maana hata mimi ningekuwa wewe nisingeamini.

Mwaka elfu mbili na nane ulipoanza nilikuwa na kibanda cha gemu pale Gatina, Kawangware. Chumba kimoja cha mabati, televisheni tatu za mgongo mkubwa, viti vya plastiki, na nyuma ya mlango meza yangu ya kutengenezea mashine. Vijana walikuja kucheza, mimi nikawa nashindana na mashine mbovu za mtaa mzima. Nilikuwa fundi, tena fundi mwenye maringo. Kazi yenyewe hasa ilikuwa nyaya. Watu wanakuletea mashine wakilia kwamba imekufa, unaichomeka na waya wako, inaamka. Mashine haikuwa na ugonjwa, ni waya tu uliokatika ndani.

Zile mashine mpyampya zilikuwa na waya wa vichwa vitatu: cha njano kinabeba picha, chekundu na cheupe vinabeba sauti. Lakini zile za kizamani, za kuchomeka kaseti, zilikuwa na waya mmoja tu. Huo unauingiza pale pa antena nyuma ya televisheni, halafu unazungusha chaneli polepole kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio, mpaka gemu itokee. Picha yake haikosi chengachenga. Na kama mashine ililetwa na mjomba kutoka Marekani, basi kwenye televisheni zetu picha inatoka bila rangi, nyeusi na nyeupe, hata uifanyie maombi. Mimi nilikuwa naigeuza mashine, naangalia mgongo wake mara moja, nakwambia imetoka wapi. Sikuwahi kukosea.

Basi Desemba iliyotangulia watu walikuwa wamepiga kura, matokeo yakatangazwa, na yaliyofuata, zile fujo na mauaji, mnayajua. Sitaki kuyasimulia. Niseme tu kwamba kibanda nilikifunga, na mawazo yangu yote yakawa kwa dada yangu mdogo, Ndinda.

Ndinda alikuwa amepanga chumba Kianda, kule Kibera, akishona sare za shule. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mumewe alikuwa amekwenda Kitui kwa Krismasi, akakwama huko kwa sababu magari hayakuwa yakitembea. Kwa hiyo alikuwa peke yake. Kredo ya simu ilikuwa imeisha madukani, na hata nilipopata ya kuazima, simu yake ilikuwa imezimwa, siku ya tatu sasa. Wewe mwenye dada unanielewa. Siku hiyo nikaamua: nitaenda Kianda kwa miguu, nimchukue nimlete kwangu, litakalokuwa na liwe.

Nikapitia kibandani kwanza kuhakikisha wezi hawajavunja. Nimefungua kufuli, nimetia kichwa ndani, nikasikia mtu nyuma yangu.

"Niaje, fundi. Umefungua?"

Alikuwa mzee wa makamo, koti la kijivu, amebeba mashine ya gemu kwapani. Nakwambia mtaa mzima watu wamejifungia ndani, halafu huyu anatembea na gemu! Nikamjibu bila hata salamu.

"Mzee, leo hakuna kazi. Nafunga, nina safari ya Kianda."

"Si mimi ndiye customer wa kwanza mwaka huu?"

Hapo akanishika pabaya. Sisi wenye vibanda pale Gatina tulikuwa na mwiko wetu: mteja wa kwanza wa mwaka harudishwi, hata akitaka upuzi. Ukimfukuza huyo, umefukuza na wote watakaomfuata. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, lakini mwiko huo niliuogopa kuliko mchungaji. Nikamkaribisha huku nimevimba.

Nikaigeuza ile mashine. Ya kaseti, ya kizamani, na imetoka Marekani.

"Hii itakupea picha bila rangi," nikamwambia. "Na haina waya. Waya zangu za aina hii zimekulwa na panya. Kuja kesho."

"Rangi itatoka."

"Haiwezi toka, mzee. Mimi ndio fundi."

"We washa tu. Waya si shida."

Nikawasha mashine, nikawasha televisheni, ili aone kwa macho yake aende. Televisheni ikajaa chengachenga na ule mvumo wake. Mzee akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye tundu la mashine pale waya unapotokea, na cha mkono wa kulia nyuma ya televisheni, pale pa antena.

Sasa, kila mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye televisheni anajua habari hii. Wewe pia uliwahi kusimamishwa ukashika antena ili baba aone taarifa ya habari, na ukiachilia unagombezwa. Mwili wa mtu unasaidia picha kidogo. Lakini mtu kuwa waya mzima? Nilikuwa karibu kumcheka.

Chengachenga zikatulia. Ikatokea picha, tena yenye rangi, safi kuliko picha yoyote niliyowahi kuitoa kwa waya wowote. Na haikuwa gemu. Kilikuwa chumba. Pazia la bluu, cherehani imefunikwa leso ya mama, na kando ya kitanda ameketi Ndinda na tumbo lake, sufuria mapajani, anamenya viazi.

Nikapiga kelele, "Ndinda!" Hakusikia. Lakini alikuwa ananitazama. Niamini. Hakuwa anatazama pembeni kama mtu anayechunguliwa dirishani. Alinikazia macho, kisu kikienda chenyewe kwenye kiazi.

"Sauti sina," mzee akasema, kama anayeomba msamaha. "Nimeweza picha tu. Huyo ni sistako?"

"Ndio."

"Ako sawa?"

"Anamenya viazi," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

"Basi keti. Leo usitoke. Kesho mapema utaenda na utampata."

Mtu mwingine angepiga magoti. Mimi nilikasirika. Hasira zangu mama yangu anazijua. Nikasimama mbele yake, nikamwelekezea kidole usoni, nikafoka: wewe ni nani, umemfanya nini dada yangu, nani amekutuma, mbona unanipangia safari? Na kwa ule ujuaji wa fundi, nikaingiza kidole gumba cha kushoto nyuma ya televisheni, nikapapasa kidole chake nione amefichia wapi waya. Hakukuwa na waya. Kulikuwa na kidole tu, chenye baridi kama maji ya bomba asubuhi ya Julai, na baridi hiyo ikapanda kwenye gumba langu ikakaa. Nikauvuta mkono haraka.

Yeye hakukasirika hata kidogo. "Mkono umeanza kuchoka, fundi," akasema. "Amua. Unaenda ama unakaa?"

Nikamtazama Ndinda. Nilitaka sana kwenda kwake, nusura nilie. Lakini nikaona jinsi alivyotulia pale kitandani, hana wasiwasi wa mtu aliye hatarini, na miguu yangu ikaamua kabla yangu. Nikavuta kiti, nikaketi. Papo hapo, kwenye picha, nikamwona dada yangu akishusha mabega na kucheka peke yake, akachukua kiazi kingine.

Tulikaa hivyo muda, mimi na yeye, mpaka sufuria ikajaa. Sijui ni nini kiliniingia, lakini moyo wangu ulikuwa mtulivu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Kisha mzee akatoa vidole na chengachenga zikarudi.

Nikainama nikazima televisheni. Unajua kioo kikiwa cheusi unajiona ndani yake kama kwenye dirisha usiku. Nikajiona mimi, nikaona meza, nikaona mlango uko wazi na jua la nje. Kiti cha yule mzee kilikuwa kitupu. Na huku sikioni mwangu namsikia akisema, "Asante, fundi." Nikageuka, yupo, ameshaweka mashine kwapani. Akatoka. Nikakimbia mpaka mlangoni. Barabara imenyooka, unaona mpaka kanisani, na hapakuwa na mtu.

Jioni majirani wakaja na habari. Njia ile ile ambayo ningepita, saa ile ile, ilikuwa imefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na watu waliojikuta katikati waliumizwa vibaya. Nikawasikiliza, nikajifungia ndani, nikalala nikiwa nimevaa viatu.

Asubuhi njia ilikuwa kimya. Nikatembea bila kusimama mpaka Kianda, nikabisha. Ndinda akafungua, akaniangalia kutoka juu hadi chini kama mtu aliyechelewa chakula.

"Umefika? Ingia ukule. Ni zile viazi za jana."

Nikamuuliza anajuaje kwamba mimi najua viazi. Akaketi, akaniambia, na sasa sikiliza vizuri.

"Jana nilikuwa nimefunga begi nikuje kwako," akasema.

"Na hiyo tumbo?"

"Na hii tumbo. Nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu. TV ilikuwa inavuma tu, antena ilianguka, nilikuwa nimeiacha ili nyumba isikuwe kimya. Nikainama kuizima nitoke. Nikakuona ndani."

"Ukaniona nikifanya nini?"

"Umesimama kibandani, unaongea peke yako."

"Na yule mzee?"

"Mzee gani? Hapo hakukuwa na mtu, brathe. Ni wewe na kiti. Nikajua umerukwa na akili, lakini uko mzima. Nikasema wacha nione hii inaishia wapi, nikachukua viazi, si unajua siwezi kuangalia TV na mikono mitupu. Halafu ukaanza kugombana na kile kiti, kidole juu, mwisho ukavuta kingine ukakaa. Hapo nikajua hutoki, na mimi nikafungua begi."

Umeelewa? Nilikaa kwa sababu nilimwona ametulia. Alitulia kwa sababu aliniona nimekaa. Kila mmoja wetu angetoka kumfuata mwenzake, na tungekuwa wawili kwenye njia ile, saa ile, watatu ukihesabu na yule tumboni.

Huyo wa tumboni alizaliwa mwezi uliofuata, mvulana, na leo ananizidi urefu. Anapenda kunishikisha vikombe vya chai moto kwa gumba la kushoto, kwa sababu halisikii moto wala baridi mpaka leo. Ni sawa. Sijalipeleka hospitali na sitalipeleka. Kibanda nilikiuza zamani, sasa natengeneza simu, na maisha yangu ni mazuri kuliko nilivyostahili kwa kumfokea mtu yule.

Lakini nakuonya. Akija kwako mtu na mashine isiyo na waya, usimfukuze, na usipapase mikono yake hata kama wewe ni fundi wa mafundi. Akikuonyesha mtu wako, vuta kiti uketi, ukae kwa utulivu, usitoe macho wala kurusha mikono. Kwa sababu huko uliko, na wewe unaonekana, na kuna mtu ameshika begi mlangoni anangoja kuona utafanya nini.