Njia Iliyopita Dirishani

Pale hifadhini walimwita Mama Nguzo, maana kazi yake ilikuwa kupaka rangi na kusimamisha nguzo za kuwaonyesha watembezi njia katikati ya vichaka vifupi, visivyofika hata kiunoni. Nyumba yake ya kazi ilikuwa nyuma ya kilima, chumba na jiko. Mumewe alishafariki. Mwanawe wa pekee alikuwa mbali, na simu zake zilikuwa za juujuu tu: hujambo mama, haya, tutaongea. Upweke ulimkaba.

Basi akafanya jambo ambalo mtu mwenye majirani asingelifikiria kabisa. Aling'oa nguzo zake, akazisogeza, na njia ikapinda hadi chini ya dirisha lake. Wee! Watu wakaanza kupita. Huyu anaomba maji, yule anauliza ni ndege gani anayelia, naye anawajibu kwa kirefu mpaka wengine wanatazama saa. Birika halikupoa. Hata mkuu wa hifadhi alipita, akanywa chai, akasifu njia ilivyopangwa. Hakushtuka kwamba imehama, maskini.

Kisha kwale akataga. Wapi? Ukingoni mwa njia ile ile, chini ya kichaka, karibu kabisa na dirisha. Kila mtembezi akipita, ndege anaruka, mayai yanabaki wazi yakipoa. Mama Nguzo alijifanya haoni. Halafu akamsema yule kwale weee: nyika yote hii, umekosa pengine pa kutagia ila kwangu? Mwishowe akachukua jembe, akazirudisha nguzo zilikokuwa, huku akilia na kujifuta pua kwa mkono wa shati.

Watu wakahamia ng'ambo ya kilima. Akabaki kusikia vicheko vyao kwa mbali.

Jumamosi moja akatokea binti mwenye mkoba mgongoni, amefuata nyasi zilizokanyagwa zamani. Alisimama kwenye kona ya njia, akamwamkia, akasema ameambiwa hapa kuna mama anayewajua ndege wote, naye amekuja makusudi wazungumze. Moyo wa Mama Nguzo uliruka. Lakini kwale alikuwa ametulia juu ya mayai, katikati yao, na binti huyu akikaribishwa leo, kesho atawaleta wenzake.

"Hapa hapapiti mtu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Rudi kwenye nguzo."

Binti aliomba radhi, akageuka. Mama Nguzo akafunga dirisha polepole, ndege asishtuke.