Basi la Mashabiki wa Wannes

Kwa misimu kumi na minne ya baridi, Wannes Deprez alilipwa kushindana katika mbio za baiskeli za matopeni huko Flandria, Ubelgiji, ambako mara nyingi mtu hukimbia na baiskeli begani. Fahari yake kuu ilikuwa nafasi ya saba, siku ambayo watano waliomtangulia walianguka pamoja. Jumatatu moja ya Novemba alikwenda kwenye baa ya Godelieve, mwenyekiti wa klabu ya mashabiki wake, kumwambia kwamba magoti yamekwisha na anastaafu.

“Unastaafu vipi?” Godelieve aliuliza, akifuta glasi. “Basi la mashabiki tumeshalikodi mpaka Februari.”

“Mama, jana nilimaliza wa thelathini na nane.”

“Kumbe? Sisi tulikuwa kwenye hema la bia. Bia ya jana haikuwa mbaya.”

“Basi mshangilieni mwingine.”

“Na yale makoti arobaini yenye sura yako mgongoni, tumvalishe nani? Staafu Machi, mwanangu, kama mtu mwenye adabu.”

Jumapili iliyofuata aliyeongoza mbio alimzidi Wannes mzunguko mzima, na Wannes, kama sheria inavyotaka kwa aliyepitwa hivyo, akatolewa mapema. Alipopita hemani akikokota baiskeli, mashabiki wake walikuwa kwenye foleni ya chipsi. Hakuna aliyegeuka. Sura zake arobaini tu, migongoni mwao, ndizo zilizomtazama, zikitabasamu kama za mshindi.