Kuichoma Mara ya Pili

Bangili ya shaba ya njano ilitoka Kivu ya Kusini ikiwa mkononi mwa mama. Dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, alipokaribia kuolewa, mama akampa. Haikupita kwenye kiganja.

Nikasema mimi nitaipanua. Sikuwa nimefundishwa na mtu. Nilijua nyaya za shaba nyekundu tu: ukizichoma hadi ziwe nyekundu iliyofifia, zinalainika, hata ukizitumbukiza majini. Wafua visu wa Rubondo, hapa kambini kwetu, walinicheka, maana chuma chao kikifanyiwa hivyo kinakuwa kigumu.

Kwa hofu nilijaribu kwanza koki mbovu ya maji, ya shaba ya njano. Niliipiga nyundo ikiwa bado moto, ikapasuka. Nikaipeleka Mbarara, kwa fundi wa rejeta za magari pale Kakoba.

"Ssebo," akaniita bwana kwa lugha ya huko, "ulipiga ikiwa moto?"

"Ndiyo."

"Kumbe unapika biskuti! Hii ikiwa moto inavunjika. Choma, ngoja ipoe, ndiyo unakunja."

Nyumbani nilifunga dirisha ili niione vizuri rangi ya moto. Nikachoma, nikangoja, nikakunja ncha zake kidogo kidogo hadi mwanya ukapanuka. Ikakubali. Yaya akaivaa, akauzungusha mkono, akacheka.

Hapo ningeacha. Lakini niliona upande mmoja umebonyea, upana wa punje ya mchele, na chakula kikanishinda. Kesho yake nikaiomba, nikadanganya kwamba nataka kuing'arisha. Nikaichoma muda mrefu kuliko mwanzo, iwe laini zaidi. Nilipoikunja, uso wake ukaota vipele kama ganda la chungwa. Nilisugua kwa majivu hadi vidole vikaniuma. Tupa ingeviondoa, ila ingeondoa pia mistari aliyoichora bibi yetu kwa msumari.

Nikampelekea.

"Yaya, nimeiharibu. Tena nilikudanganya."

Akapitisha kidole juu yake. "Inaingia?"

"Inaingia, lakini..."

"Leta basi."

"Nipatie siku mbili tu, nitaitengeneza."

"Siku mbili? Wewe! Utaisugua hadi unirudishie sindano."

Akaivaa, akarudi kwenye sufuria yake.

Siku ya harusi, kanisani Kashojwa, watu waliutazama uso wake. Mimi niliutazama mkono, nikipanga ni wapi ningeanza kusugua. Alipopita karibu na benchi langu aliniona ninavyoutazama. Akavuta shela, akaifunika bangili, akaendelea kutembea.