Vidole vya Mzee Mwakio

Kiongozi wa bendi yetu Mombasa hakunizungusha. Alisema napiga tarumbeta kama santuri ya Marekani: wimbo ni ule ule kila siku, hata mikwaruzo yake. Jumamosi tulikuwa na dansi, na nisipopiga jazi kwa kichwa changu mwenyewe, nafasi yangu angepewa mwingine.

"Nenda kule milimani, Mwanda, kwa Mzee Mwakio," akaniambia. "Ndiye aliyenifunza mimi tukiwa bendi ya jeshi."

Alhamisi asubuhi nilishuka garimoshi Voi, mwekundu kwa vumbi. Nikapata lori la mboga lililokuwa likirudi Wundanyi tupu, kisha nikapanda mlima kwa miguu, tarumbeta yangu begani, baridi ikinitafuna ndani ya shati la mikono mifupi.

Mwanda nilipokewa vizuri mno, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Mzee alikuwa ameokoka. Tarumbeta yake alishaigawa, na jazi, alisema, ni mambo ya dunia.

"Basi nirudi, Mzee?"

"Urudi kwa nini? Kesho kuna ibada. Kula kwanza, mwanangu."

Mkewe akanijazia sahani ya kimanga, yaani muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Nilikula, lakini roho yangu ilikuwa kwenye dansi.

Ijumaa kanisani tuliketi benchi moja. Wimbo ulipoanza, nikaona vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vikibonyeza jalada la Biblia. Nikadhani ni uzee. Kisha nikavisoma: tarumbeta ina vibonyezo vitatu tu. Vile vidole havikuufuata wimbo. Vilitangulia, vikachelewa, vikazunguka pembeni, vikarudi nyumbani. Uso wake aliuinamisha kwa unyenyekevu mtupu. Alijua ninamtazama? Mimi sijui.

Mchana nilijificha nyuma ya zizi nikajaribu. Kibonyezo kimoja hutoa sauti nyingi, kutegemea midomo na pumzi. Vidole vilinipa nusu, nusu nikaitafuta mwenyewe. Ng'ombe walishtuka. Mara ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye santuri yoyote. Nilifurahi, kisha nikaona aibu, kana kwamba nimeiba kanisani.

Jumamosi alfajiri Mzee alinisindikiza hadi barabarani.

"Mzee, jana kanisani, vidole vyako..."

"Vidole gani?" Akatia mikono ndani ya koti.

Lori likaja. Nilipokuwa napanda, akasema bila kunitazama, "Kule zizini, pale mwisho uliharakisha."

Dansini sikuharakisha. Watu waliacha kucheza wakageuka kunitazama, na nafasi yangu ninayo mpaka leo. Kiongozi alitaka kujua Mzee alinifunza nini.

"Tulienda kanisani," nikamjibu.